Kulinda Pumzi za Mtoto Mchanga Usiku

Mtu akaaye Mabatini, katika nyumba zilizopandiana juu ya majabali ya Mwanza, anajua kuwa usiku wa mvua haumruhusu kusikia kitu ila mvua yenyewe. Matone yapigapo bati, sauti ya mtoto aliyelala ubavuni mwa mama yake hupotea, na mama huinama, huweka sikio kifuani, kisha huinuka na mashaka yaleyale aliyoinama nayo. Usiku usio na mvua nao una hila yake, kwa sababu kimya hukuza kila sauti: kukoroma kidogo kwa pua iliyoziba hudhaniwa kuwa ni roho inayokata, ilhali pumzi nyepesi, za haraka, zisizo na sauti, ambazo ndizo aghalabu hutangulia hatari, humpita msikilizaji bila ya kumshtua. Kwa sababu hizi mbili nakusihi, msomaji, ulishike jambo moja kabla ya mengine yote: shida ya pumzi ya mtoto mchanga hupimwa kwa jicho na kwa saa, wala haipimwi kwa sikio.

Hofu ya mzazi katika jambo hili si ya bure. Homa ya mapafu, ambayo wengi wetu huiita nimonia, iliua zaidi ya watoto 700,000 wa chini ya miaka mitano duniani katika mwaka 2019 pekee, na hali ni maradhi ambayo dawa yake ya kwanza ni vidonge vya bei nafuu. Kinachomponza mtoto mara nyingi ni zile saa zipoteazo kati ya wakati pumzi zilipobadilika na wakati mtu mzima alipotambua. Na saa hizo huwa za usiku, taa zimezimwa, usafiri umeadimika, na kila mtu nyumbani anatamani kuamini kwamba kukicha mambo yatakuwa heri.

Ifahamu kwanza pumzi ya afya. Mtoto katika wiki zake za mwanzo hupumua mara 30 na kuendelea, pengine akaribie 60, kwa dakika moja, na mwendo wake hauna mizani: ataharakisha kidogo, atapunguza, atasita kwa sekunde chache zisizofika kumi, kisha ataendelea kana kwamba hapakuwa na neno. Kusita huko ni maumbile, na hukoma kadiri anavyokua. Kusita kunakofika sekunde 20, au hata kwa muda mfupi zaidi lakini kukafuatana na ulimi kugeuka rangi au mwili kulegea, si maumbile tena. Hapo umsugue nyayo na mgongo ili ashtuke na avute hewa, kisha uende naye hospitali usiku huohuo, hata kama amezinduka na anakuchekea. Fahamu pia kuwa mtoto mchanga hutumia pua zaidi kuliko kinywa, na tundu za pua yake ni ndogo, hivyo kamasi kidogo tu humfanya akorome, apige chafya, na aachie ziwa ili avute hewa. Kelele hizo za puani huudhi, walakini si hizo ziuazo.

Sasa nije kwenye kuhesabu, ambako nitakaa kitambo. Mngoje mtoto atulie. Akilia au akinyonya, pumzi hupanda na hesabu hukudanganya. Afadhali umhesabu akiwa usingizini, au akiwa macho na ametulia mapajani mwa mtu. Funua nguo mpaka kifua na tumbo vyote vionekane, kwani mtoto hupumua kwa tumbo zaidi, na kumwangalia juu ya sweta ni sawa na kutomwangalia. Tochi ya simu usimwelekezee machoni. Iweke chini, ubavuni, ili mwanga ukate tumbo kwa mshazari na kivuli kionyeshe kila kupanda na kila kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ionyeshayo sekunde, usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za mtoto haziendi sawasawa na nusu moja huweza kutofautiana sana na nyingine. Mkiwa wawili, mmoja ashike saa na kusema "anza" na "basi", mwingine asiondoe macho tumboni. Ukipata idadi kubwa, mtulize tena, uhesabu mara ya pili.

Na idadi kubwa ni hii: kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili, 60 au zaidi kwa dakika, kwa mwenye miezi miwili ambaye hajatimiza mwaka, 50 au zaidi, kwa aliyetimiza mwaka ambaye hajafika miaka mitano, 40 au zaidi. Ziandike nambari hizi nyuma ya mlango wa chumba, pahali ambapo hata dada wa kazi au shangazi aliyekuja kutembea ataziona, kwa sababu usiku wa dhiki akili haikumbuki hesabu. Elimu hii ilijengwa kwa sehemu kubwa na kazi ya tabibu Frank Shann na wenzake huko Papua New Guinea, nchi ya milima na zahanati zilizotengana mbali, ambako mashine za kupiga picha za kifua zilikuwa adimu na wagonjwa walikuwa wengi. Nao walionyesha kwamba mwendo wa pumzi na kubonyea kwa kifua humtosha mhudumu kutambua ni mtoto yupi wa kutibiwa na yupi wa kulazwa. Shirika la Afya Duniani likaifanya kanuni, na tangu miaka ya 1990 ndiyo wafundishwayo wauguzi na matabibu wa zahanati zetu. Hakuna sababu ya mama kunyimwa kile ambacho muuguzi hukifanya kwa macho yake mawili na saa ya mkononi.

Ukimaliza kuhesabu, usimfunike bado. Tazama pale mbavu za chini zinapopakana na tumbo. Mtoto mwenye afya avutapo hewa, kifua na tumbo huinuka pamoja. Mtoto aliyeelemewa avutapo hewa, tumbo huinuka lakini ile sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani, na hubonyea hivyo kwa kila pumzi, si mara moja tu alipojinyonga au alipolia. "Mbavu zinaingia ndani," ndivyo wasemavyo kina mama katika foleni ya kliniki, na wasemavyo ni kweli tupu. Angalia pamoja na hayo kama tundu za pua zinatanuka, kama kichwa kinatikisika kwa kufuata pumzi, kama anaguna kila atoapo hewa, kama kuna mlio mkali koromeoni avutapo hewa hali ametulia. Mfunue kinywa umtazame ulimi na ufizi, maana katika ngozi yetu nyeusi midomo pekee haitoi ushahidi wa kutosha. Ulimi wa kijivu au wa buluu ni amri ya kuondoka mara moja. Lau utaona mbavu zinaingia ndani, usitafute faraja katika hesabu, hata ikiwa imeshuka, kwani mtoto aliyechoka sana hupunguza pumzi zake, na upungufu huo si nafuu. Vivyo hivyo mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelala usingizi ambao humwamshi, hahitaji kuhesabiwa chochote, anahitaji hospitali.

Mtoto wa chini ya miezi miwili namtenga na wenzake. Kwake hakuna kungoja kukicha wala kujaribu dawa ya nyumbani. Ikiwa pumzi zimefika 60 mara mbili mfululizo, au mbavu zinaingia ndani, au amelikataa ziwa alilokuwa akilipenda jana, au mwili una moto, au, jambo ambalo wazazi wengi hulidharau, mwili umepoa na hauchangamki, basi mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo, uache uso wazi, muondoke. Umri huo huweza kubeba maradhi makali bila ya kikohozi na bila ya homa.

Tuseme umehesabu na idadi iko chini, mbavu zimetulia, ananyonya, na macho yake yanakufuata. Basi ulicho nacho ni pua iliyoziba au kikohozi cha mafua, na kazi yako ni kumpa raha mpaka mwili umalize shauri lake. Chemsha maji, yapoe, changanya robo ya kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja, na utie tone moja au mawili katika kila tundu la pua muda mfupi kabla ya kumnyonyesha, kisha upanguse kamasi zilizolainika kwa ncha ya kitambaa safi kilichosokotwa. Maji yaliyobaki yamwage, kesho utengeneze mapya. Mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo, ukimwinua kichwa, kwa kuwa maziwa ya mama ndiyo dawa ya kikohozi inayomtosha mtoto wa chini ya miezi sita. Akilala mlaze chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila ya mto. Kumwegemeza juu ya mito usiku kucha hukunja shingo yake na kuibana njia ileile ya hewa mliyokuwa mkitaka kuifungua.

Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na vijidudu vya sumu iletayo kupooza. Dawa za maji za kikohozi ziuzwazo madukani hazimfai, na marhamu zenye kafuri zisipakwe puani wala kifuani pake. Kumfukiza mtoto juu ya sufuria la maji ya moto ni kumweka hatua moja kutoka kuungua. Mafuta ya taa, ambayo wapo wayadhaniayo kuwa dawa, huingia mapafuni na kuzua humo homa ambayo haikuwamo.

Kuna jambo ambalo sitalipitia kwa upole, nalo ni kukata kimeo. Mtoto akikohoa mwezi mzima, au akikoroma usiku, hutokea jirani mwenye nia njema akasema kimeo kimerefuka, na akamtaja fundi wa kukikata. Kimeo hakileti kikohozi, wala kukikata hakuponyi kikohozi. Kisu kile huleta damu isiyokoma, huleta pepopunda, huleta usaha katika koromeo la kiumbe ambaye tayari alikuwa akitaabika kuvuta hewa, na watoto wamekufa kwa sababu hiyo katika nchi hii. Chale za kifuani kwa ajili ya "kubanwa" nazo ni katika jamii hiyohiyo. Ikiwa ni bibi wa nyumba atakaye jambo hilo, mjibu kwa adabu, lakini mtoto usimtoe. Kikohozi kipitacho siku 14 kina mahali pake pa kupelekwa: hospitali, ambako kitachunguzwa kama ni pumu, kifua kikuu au jambo jingine.

Wala usidhani kwamba kila pumzi ya haraka ina asili yake mapafuni. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaishi na malaria, na malaria ikimaliza damu ya mtoto, yeye hupumua haraka akitafuta hewa ambayo damu haina nguvu ya kuibeba. Mtazame viganja na nyayo, na ukiviona vyeupe kuliko desturi, useme hivyo kwa tabibu pasipo kungoja kuulizwa. Selimundu nayo imeenea katika kanda hii, nayo huweza kukishambulia kifua kwa ghafla. Mtoto mwenye selimundu aliye na homa na pumzi za haraka si mgonjwa wa kungojewa. Na mtoto mchanga atokaye jasho kichwani kila anyonyapo, akipumzika kila baada ya mikupuo michache, na asiyeongezeka uzito, achunguzwe moyo.

Kuhusu hewa ya chumbani nitasema machache, ingawa ni mazito. Usiku wa baridi, bati likiwa limepoa, wapo waingizao jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unaoonekana kuwa umeiva na hautoi moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aila nzima huweza kulala isiamke. Jiko libaki nje hata likiwa majivu. Dawa ya mbu ya kuchoma, kibatari na sigara vyote huwasha njia ya hewa ya mtoto. Chandarua chenye dawa kinatosha kwa mbu. Na mchana, unapopika, mtoto asiwe mgongoni juu ya moshi wa kuni. Ampokee mtu mwingine, au akae mlangoni penye upepo.

Shida ianzayo kwa ghafla, mtoto akiwa mzima dakika moja na dakika ya pili hatoi sauti, uso umebadilika, na karibu yake kuna karanga, punje ya mahindi au mwiba wa samaki, ni kupaliwa, nayo haingoji safari. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umshike taya, umpige kwa kitako cha kiganja mara tano katikati ya mabega. Kisha mgeuze chali na umbonyeze mara tano kwa vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia hivyo mpaka kitoke au alie. Usichokore koo kwa kidole bila ya kukiona kitu, maana utakisukuma ndani. Na mtoto aamkaye usiku wa manane na kikohozi kikavu cha mlio mkali kama wa mbwa abwekaye, na mlio mwingine avutapo hewa, mpakate wima, mtulize, asilie, kwa kuwa kilio humbana zaidi. Ikiwa mlio wa kuvuta hewa unaendelea hata alipotulia, hilo ni la hospitali.

Uamuzi wa kuondoka usiku hufanywa mchana. Wako kina baba wa mji huu ambao usiku wa giza huwa ziwani kwa taa zao wakivua dagaa, na mitandao ya simu haiwafikii. Wako walinzi, wako madereva wa malori. Mama akibaki na mama mkwe, na ruhusa ikawa ya mtu asiyepatikana, saa hupita. Kwa hiyo zungumzeni mapema, mbele ya wazee, kwamba hesabu ikifika kadhaa na mbavu zikiingia ndani, ruhusa imekwisha kutolewa. Na siku ikifika sema kwa utulivu na kwa nambari: "Mama, nimemhesabu mara mbili, pumzi zimefika 58, na mbavu zinaingia ndani; naomba utusindikize, baba yake nitamtafuta tukiwa njiani." Nambari humshawishi mzee kuliko kilio, kwa kuwa naye atainama na kuhesabu.

Nyumba nyingi za juu hazifikiwi na gari, hivyo chagueni mapema njia ya kushukia isiyoteleza wakati wa mvua, na jirani mwenye nguvu wa kushika tochi mbele yenu. Uwe na namba za simu za vijana wawili wa bodaboda au bajaji wanaolala karibu, si mmoja, na nauli iliyowekwa kando isiyoguswa kwa unga wala sabuni. Bajaji ni afadhali kuliko pikipiki. Mtoto abebwe mbele, wima, si kufungwa mgongoni kwa mbeleko iliyokazwa, na kanga isifunike uso wake kwa kuhofia upepo. Ulizeni mchana ni kituo gani cha jirani kifunguacho usiku kucha; walakini kwa dalili za hatari nilizozitaja, nendeni moja kwa moja Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando, hospitali ya kanda iliyoko kilimani tangu mwaka 1971, msisimame kutafuta barua ya rufaa. Ikiwa mtoto hajapita siku 28 tangu kuzaliwa, piga 115, namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa kina mama na watoto wachanga, ambao ulijaribiwa kwanza katika kanda hii yetu, Sengerema na Shinyanga, na tangu mwaka 2022 ukaanza kuenezwa nchini; haulipiwi.

Mkifika, mwambie muuguzi mambo haya kabla ya salamu ndefu: umri, hesabu uliyopata, saa pumzi zilipobadilika, mara ya mwisho aliponyonya, na kila dawa aliyopewa, hata ile ya mizizi, bila ya kuona haya. Atabanwa kidude chenye taa nyekundu mguuni, nacho hakiumi. Hupima hewa iliyomo damuni. Pengine atatiwa oksijeni kwa mirija midogo puani, na pengine mrija mmoja utazamishwa katika chupa ya maji inayobubujika, ambayo husaidia mapafu yasisinyae. Wapo watakaokunong'oneza kwamba mtoto atiwaye oksijeni hafiki asubuhi. Usiwasikilize. Oksijeni hupewa walio mahututi, na kwa hiyo baadhi yao hufa; wengi zaidi wangekufa bila ya hiyo. Usiichomoe wakati wa kumnyonyesha wala ili jamaa wamwone vizuri uso.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya amoksisilini viyeyukavyo katika maziwa au maji, apewe kwa siku zote alizoandikiwa, hata kama ameanza kucheka siku ya pili, na mabaki asipewe nduguye akohoaye. Mhesabu kila jioni, uandike idadi na tarehe katika karatasi iliyokunjwa ndani ya kadi ya kliniki, na siku ya tatu umrudishe akaangaliwe. Mapema kuliko hapo ikiwa mbavu zimeanza tena kuingia ndani au ameacha kunyonya. Ukiwa huko ifungue kadi ukurasa wa chanjo. Ile ya nimonia, iliyoingizwa katika ratiba ya nchi mwaka 2013, hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na ile ya magonjwa matano ambayo nayo inakinga kifaduro na aina nyingine ya nimonia. Ikiwa tarehe moja ilipita kwa sababu ya msiba, safari au ugonjwa huuhuu, usikae nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa. Mpeleke na kadi yake siku ya kliniki ijayo, naye ataendelezwa kutoka pale alipoachia.